Msitu uliopikwa na jongoo

Inama chini ya mvinje wowote pale Haller Park, Bamburi, ufukue majani makavu kwa kidole. Juu ni vijiti vyembamba mfano wa sindano, bado vinakwaruza. Chini yake ni udongo mweusi, laini, wenye unyevu. Endelea kidogo tu, kucha itagonga mwamba. Udongo wa msitu mzima ndio huo, na una umri mdogo kuliko wazee wengi wa Kisauni.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba matumbawe ya kale yaliyotanda kaskazini mwa Mombasa. Bandu bandu, likabaki shimo jeupe, kali kwa jua, sakafu yake karibu igusane na maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba wa kiwanda mwenye asili ya Uswisi, akaanza kupanda miche humo. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosalimika zilikuwa tatu, mojawapo mvinje, mti ambao sisi wa pwani tunaujua kwa kuvumilia chumvi na kwa nguzo zake.

Mvinje ulikubali, ila majani yake yalirundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Kisha Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna. Wakaokotwa jongoo kwa mamia, wakaachiliwa machimboni. Walichokula kikatoka mboji. Mdudu tunayemfagia kibarazani bila kumtazama ndiye aliyeumba ardhi hii, nami naona tumemkosea heshima.

Upepo na ndege wakaleta mbegu nyingine, zikapata pa kushika. Yakachimbwa mabwawa ya perege. Wakaja viboko, pofu na twiga. Wageni wakaanza kukaribishwa 1984. Wengi walipasikia baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyeitwa Owen alipookolewa baharini karibu na Malindi, akaletwa hapa, akamng'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee na kulala ubavuni pake. Kisa hicho kilienea dunia nzima, na kilistahili.

Ukienda wakati wa masika, jongoo huwa wametoka. Tazama unapokanyaga.