Kufua Nazi, Kufua Nguo

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili ambazo mgeni hatazidhani kuwa ndugu. Nazi hufuliwa kwa kifuo. Nguo hufuliwa kwa maji na sabuni. Lakini baina ya nazi na nguo upo udugu mwingine, nao ni wa mafuta. Udugu huo una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita baharini.

Neno sabuni tumelipokea kutoka Kiarabu. Kabla ya kuzoea sabuni ya dukani, binadamu alijua njia nyingi za kutakasa. Majani ya mkunazi hutoa povu, na hadi leo Waislamu huyatumia katika kuosha maiti. Majivu nayo, yakichujwa kwa maji, hutoa magadi makali. Magadi hayo yakipikwa pamoja na mafuta, viwili hivyo huacha tabia zao na kuwa kitu cha tatu, yaani sabuni. Magadi ya majivu huzaa sabuni laini. Ya soda huzaa sabuni ngumu ya kukatwa vipande.

Mji uliojipatia jina kwa sabuni ngumu ni Marseille. Mwaka 1688 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliamuru kwamba sabuni isipikwe ila kwa mafuta ya zeituni. Katika karne ya 19 viwanda vilipanuka, zeituni haikutosha, na wafanyabiashara wakaelekea kwenye karanga, ufuta na nazi. Mwaka 1844 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Ufaransa, na meli za Marseille zikawa zinapakia ufuta na mazao ya mnazi katika pwani yetu. Mbata ikaondoka kwa frasila, sabuni ikaja kwa miche. Aliyepanda mnazi, aliyeangua na aliyefua nazi, wote wakawa wanunuzi wa kile kilichotoka katika jasho lao.

Ajabu ni kwamba sabuni ya nazi ndiyo hasa inayoyafaa maji ya visiwa. Visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yamebeba chokaa. Sabuni nyingi zikikutana na chokaa hugeuka utando wa kijivu unaoganda kwenye nguo. Sabuni ya nazi huvumilia zaidi. Hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na kwa sababu hiyo mabaharia waliithamini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaenea sabuni ya unga, iliyotengenezwa zaidi kutokana na petroli. Hiyo haiogopi chokaa, na fadhila ya nazi ikasahauliwa.

Hata hivyo elimu haikufa. Paje, kusini mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989, wanawake wanasaga mwani na kuuchanganya na mafuta ya nazi kupika sabuni. Mwani nao umekuwa ukisafirishwa mkavu nchi za mbali, kama mbata ya zamani. Kila kipande kinachopikwa Paje ni sehemu ya mali iliyokataa safari hiyo.

Kipimo chenyewe si siri. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 180 hivi za soda kali, iitwayo kostiki, na gramu 400 hivi za maji. Mikono na macho yakingwe. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Sufuria ya alumini haifai, maana huliwa. Mchanganyiko hukorogwa na mafuta mpaka uwe mzito kama uji, ukamiminwa katika kalibu, ukakatwa kesho yake na kuachwa upeponi kwa wiki 4.

Anayepika sabuni hii nyumbani huokoa fedha kidogo, na hilo si haba. Lakini hufanya jambo kubwa zaidi: huikutanisha tena nazi aliyoifua na nguo anayoifua, bila ya kuzipitisha Marseille.