Urafiki wa Kuombana

Mwanafunzi anayehamia chuo katikati ya masomo huwakuta wenzake wameshapata marafiki, vikundi na hata viti vyao darasani. Ushauri anaopewa ni uleule kila mara: achangamke, asalimie watu, asiwe mzigo kwa mtu. Historia ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, inaunga mkono uchangamfu na salamu, lakini inalikataa hilo la mwisho. Kati ya Lodwar na Kakuma, aliyejitosheleza alibaki mgeni. Mwenyeji alikuwa yule anayeomba na kuombwa.

Msingi wa jambo hili ni mifugo. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu Wajie na Waturkana, alieleza jinsi mwanamume wa Kiturkana alivyokuwa na watu wake wa kuombana mifugo: ndugu, wakwe, na marafiki ambao hawakuwa na undugu naye wowote. Mtu akikabiliwa na mahari, aliwazungukia hao, na zamu yao ilipofika walimjia yeye. Katika nchi kame, ambako mvua huweza kunyesha bonde moja na kuliruka la pili, mwenye marafiki wa mbali alikuwa na pa kukimbilia ukame ulipomaliza zizi lake. Atasema mtu kwamba hiyo ni biashara, si urafiki. Sivyo. Mfanyabiashara hutaka hesabu ifungwe, kila mtu ashike njia yake. Marafiki hawa waliiacha wazi miaka mingi, na hesabu hiyo iliyo wazi iliwapa sababu ya kuendelea kutembeleana.

Desturi hiyo ilipimwa upya mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa kuwapokea vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbia Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka 1991. Mwanamke wa Kiturkana aliingia kambini na mzigo wa kuni au gunia la makaa, akatoka na mahindi ya mgao. Itaru Ohta, mtafiti kutoka Japani, aliandika mwaka 2005 jinsi mahusiano kama hayo yalivyozaa urafiki kati ya wenyeji na wakimbizi. Ni kweli pia kwamba Kakuma imeshuhudia ugomvi wa kuni na maji, hata umwagaji damu, na wenyeji wengi wameona uchungu wageni wakipewa chakula huku wao wakilala njaa. Lakini ukweli huo hauvunji hoja, unaitia nguvu. Mkimbizi aliyezuiwa kutembea na kufanya kazi apendavyo alikuwa na machache ya kumpa jirani yake, na anayepokea tu hageuki rafiki kwa urahisi. Makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa mwaka 2016 ili wenyeji na wakimbizi watumie shule na masoko yaleyale, yalikusudiwa kuliziba pengo hilo.

Vijana waliotoka Kakuma kwenda vyuo vya Kanada wamelipitia jambo hilo la kupokea na kutoa kwa njia nyingine. Mpango wa shirika la WUSC, ulioanza mwaka 1978, huwaachia wanafunzi wenyewe kumpokea mkimbizi: kamati yao humlaki na kumwonyesha mji, na katika vyuo vingi kila mwanafunzi huchangia kidogo kupitia karo. Ni ukarimu mkubwa, lakini hukamilika pale aliyepokewa anapoingia kwenye kamati na kumpokea anayefuata. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa Lodwar mwaka 2017, kimekaa katikati ya watu waliolijua somo hili kabla ya chuo chochote kujengwa. Anayehamia hapo, au kwingine kokote, asione haya kuomba madaftari ya muhula uliopita, na akiombwa kupanga viti vya mkutano wa chama asitafute udhuru. Wala asiharakishe kulipa fadhila ili awe huru, kwa maana uhuru wa kutodaiwa na mtu ndio upweke wenyewe anaotaka kuukimbia.