Maua ya Arusi katika Bonde la Yaeda

Kuchagua maua ya arusi ni kazi ambayo watu wa pwani wameifanyia elimu kamili. Huko Unguja asumini huchumwa ingali tumba na kutungwa kwa uzi kabla haijafunguka, maana harufu yake huja usiku. Mkadi, mrehani na waridi hufungwa pamoja vikawa kikuba, nacho huvaliwa kifuani. Na kitanda cha maarusi hutandazwa asumini na maua ya mlangilangi. Katika mambo hayo yote jicho ni mgeni tu; pua ndiyo hakimu. Basi mtu aliyelelewa katika ustaarabu huo, akasafiri bara mpaka Yaeda Chini katika wilaya ya Mbulu, akauliza bibi arusi wa Kihadzabe huvaa ua gani, ataambiwa kwamba havai ua. Akiuliza siku ya arusi yenyewe, ataambiwa kwamba hakuna siku ya arusi.

Jibu hilo la pili ndilo lenye hatari. Mgeni asiyesikia ngoma, asiyeona ng'ombe wa mahari wala mavazi ya sherehe, ni mwepesi wa kuandika kwamba watu hao hawana ndoa, na kwamba wanaishi kama ndege wa porini. Wahadzabe, ambao vitabu vya zamani viliwaita Watindiga au Wakindiga, wamesemewa maneno ya namna hiyo kwa muda mrefu. Mtaalamu wa Kiingereza James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alitazama kwa subira zaidi. Aliona kwamba mwanamume na mwanamke huhesabiwa kuwa mume na mke wakiweka makao pamoja hadharani, mbele ya kambi nzima, na kwamba aghalabu kambi hiyo ni ya mama yake mke. Ndoa ipo, ila haina siku moja ya kuonyeshwa. Huonyeshwa kila siku, kwa kukaa na kwa kuleta.

Sheria yetu wenyewe haiko mbali na fikira hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana kihalali, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sidhani kama waliotunga kifungu hicho walikuwa wakiwafikiria Wahadzabe hata kidogo. Lakini Mhadzabe angekisoma pasipo mshangao.

Sasa, mume huleta nini? Huleta nyama, huleta shanga kwa mama mkwe, na huleta asali. Hapa ndipo maua yanapoingia katika ndoa ya Yaeda, nayo huingia kwa mlango wa ulimi. Wahadzabe walipoulizwa na watafiti ni chakula gani wakipendacho kuliko vyote, wanaume kwa wanawake waliitaja asali kwanza. Kumletea mke na wakweze asali nzuri, kwa hiyo, si jambo dogo, nako kunahitaji maarifa ya maua yasiyopungua ya mwanamke wa Unguja anayefunga kikuba. Mkwe mwema hana budi kujua migunga imechanua upande gani wa bonde, mvua ilinyesha wapi kwanza, na nyuki gani wamejaza masega. Hana budi kuujua mbuyu pia, maana mti huo hutoa ua na nyumba ya nyuki kwa pamoja. Ua lake jeupe hufunguka jua linapotua, likatembelewa na popo usiku, na kesho yake likanyauka na kuanguka. Na katika shina lake lenye mapango nyuki hukaa miaka na miaka.

Katika uchaguzi huo binadamu ana mshenga. Ndege kiongozi, ambaye Wahadzabe humwita tik'iliko, humlilia mtu na kumtangulia mti kwa mti mpaka penye mzinga. Brian Wood na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walikadiria kwamba ndege huyo huongeza kasi ya kupata mizinga kwa asilimia 560, na tena huwafikisha watu kwenye mizinga yenye asali nyingi zaidi.

Asali hiyo haikomi kambini. Wadatoga, wafugaji wa bonde hilo hilo, hunywa pombe ya asali katika sherehe zao kubwa, na Wahadzabe wamebadilishana nao asali kwa mahindi, tumbaku na vyembe vya mishale. Kwa njia hiyo ua lililochanua katika pori la wawindaji laweza kuishia katika kibuyu cha wazee wanaobariki arusi ya wenye ng'ombe, na bibi arusi wa Kidatoga asijue limetoka mti gani.

Mwaka 1964 na 1965 serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi katika makazi ya Yaeda Chini, ili walime na wapate shule na matibabu. Nia ilikuwa njema. Lakini maradhi yalizuka miongoni mwao, wengine walikufa, na kabla ya miaka mingi kupita walio wengi walikuwa wamerudi porini. Waandishi husimulia habari hiyo kwa kutaja chakula na magonjwa, na ni haki yao. Mimi naona inafaa kuuliza pia juu ya ndoa: mwanamume anayepewa posho ya unga sawasawa na mama mkwe wake, ampelekee kitu gani kitakachomfanya awe mkwe?

Tangu hapo hatari imekuja kwa njia nyingine, yaani shamba na shoka. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na baadaye vijiji vya Domanga na Mongo wa Mono vikaanza kupata fedha kwa kuhifadhi miti yenye kunyonya hewa ya ukaa. Katika hesabu za wanunuzi wa kaboni mti hupimwa kwa tani. Katika kambi mbuyu ule ule hupandwa kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa shinani kimoja juu ya kingine, kijana akiwa na kijinga cha moto cha kuwafukizia nyuki. Kando ya vigingi vipya huonekana mashimo ya vigingi vya zamani, na mengine gome limekwisha kuyaziba.