AFYA YA UMMA NI MADARAKA YA UMMA: MAFUNZO YA KIGONSERA NA PWANI YA NYASA

Tunapozungumza juu ya afya, tumezoea kuhesabu majengo. Tunauliza zahanati ni ngapi, vitanda ni vingapi, waganga wamefika wangapi. Maswali hayo ni ya haki. Lakini mtu anayejifunza misingi ya afya ya umma na utekelezaji wake hana budi kuanza na swali jingine: nani anaamua? Nani anaamua maji yatoke wapi, choo kichimbwe wapi, na dawa imfikie nani kwanza? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kuitazama historia ya sehemu moja ya nchi yetu, yaani Kigonsera, iliyo njiani kati ya Songea na Mbinga, pamoja na milima ya Umatengo na pwani ya Ziwa Nyasa iliyo upande wake wa magharibi.

KINGA KABLA YA MKOLONI

Kasumba ya ukoloni ilitufundisha kwamba elimu ya afya ililetwa na meli. Historia haikubaliani na kasumba hiyo. Chakula ndicho kinga ya kwanza ya mwili, na Wamatengo walikwisha kulitatua tatizo la chakula kwa ufundi wao wenyewe. Katika miteremko mikali, ambako mvua huweza kuukokota udongo wote hadi bondeni, walibuni kilimo cha ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa mlimani, vinavyozuia maji na kuyahifadhi majani yaozayo yawe mbolea. Ufundi huo haukumwamuru mtu mmoja peke yake, bali uliitaka jamii nzima kuelewana na kurithishana maarifa.

Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na magonjwa. Yalikuwapo, na mengi yaliua. Tunalosema ni kwamba watu walikuwa na kanuni zao za kujikinga, na kanuni hizo zilikuwa mikononi mwao.

MKOLONI NA SURA ZAKE MBILI

Wamisionari wa Kibenediktini walifungua kituo Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata, 1899, wakafungua Kigonsera. Upande wa ziwa, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifanya kazi kutoka kisiwa cha Likoma, na mwaka 1901 meli yake iitwayo Chauncy Maples iliteremshwa majini ili kuhudumia vijiji vya pwani kwa mafundisho na matibabu. Waliotibiwa walipona, na si desturi yetu kumdharau muuguzi aliyemwokoa mtoto wa mkulima. Lakini hapana budi tuuchambue mfumo wenyewe.

Mwaka 1897 Ronald Ross alikuwa amegundua kuwa mbu ndiye anayebeba malaria. Kwa hiyo kanuni ya kinga ilijulikana tangu mwanzo wa karne. Je, ilitumika wapi? Daktari wa UMCA, Robert Howard, aliyefika Nyasa mwaka 1899, alihimiza nyumba bora na matumizi ya kwinini ili kupunguza vifo vya wamisionari. Serikali za kikoloni nazo, katika miji, zilitenga makazi ya Wazungu mbali na ya Waafrika kwa kisingizio cha malaria. Mwafrika alisubiri kuugua, kisha akapewa dawa. Hivyo Mzungu alipata kinga, na Mwafrika akapata tiba pale ilipopatikana. Huo ndio msingi wa kitabaka wa huduma za afya tulizozirithi.

Sura ya pili ya mkoloni ilikuwa mbaya zaidi. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani liliteketeza vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi. Njaa ilifanywa kuwa silaha. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, lakini waliokufa kwa njaa na maradhi yanayofuatana nayo walikuwa wengi mno kuliko walionyongwa. Kuna wanahistoria wanaokadiria vifo vyote vya vita hivyo kufikia 300,000. Mwanafunzi wa afya ya umma na alizingatie somo hili. Hapakuwa na dawa yoyote ambayo ingewaponya watu wale. Ugonjwa wao ulikuwa utawala wa kigeni.

Kodi nayo iliwasukuma vijana wa kusini kwenda kuuza nguvu zao katika mashamba ya mkonge. Nyumbani mikono ikapungua shambani, na mzigo wa mama ukaongezeka. Hilo nalo ni suala la afya, ingawa halikuandikwa katika daftari la hospitali.

AZIMIO, MWONGOZO NA ELIMU YA VIKUNDI

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulirithi hospitali zilizolundikana mijini na wananchi waliotawanyika vijijini. Azimio la Arusha la 1967 lilitamka kuwa maendeleo ya nchi yataletwa na watu, na kwamba wakulima wa vijijini wasiwe wa kulipia starehe za miji. Mkutano Mkuu wa TANU wa mwaka 1971 ukaamua kuyapa kipaumbele maji, afya na elimu ya vijijini. Mwaka huohuo Mwongozo wa TANU ulisisitiza kwamba jambo linalowapa watu madaraka zaidi juu ya maisha yao ni la maendeleo hata kama halijawaongezea afya au chakula.

Wapo walioiona kauli hiyo kuwa ya kupuuza afya. Sisi tunaiona kuwa ndiyo msingi wa afya yenyewe. Afya inayotolewa na mwingine huweza kuondolewa na mwingine.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo haikuanza hewani. Ilitanguliwa na masomo ya redio ya Kupanga ni Kuchagua mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971. Utaratibu wake ulikuwa hivi: wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu pamoja na kiongozi wao, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini wenyewe. Kwa wiki 12 walijifunza juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilivyochimbwa vilifikia mamia ya maelfu.

Siri ya kampeni hiyo ilikuwa majadiliano. Bwana afya wa kikoloni alifika na amri ya faini. Mkulima alichimba choo ili kumridhisha, kisha akakiacha kijae majani. Katika kikundi, mkulima aliuliza kwa nini. Alielezwa kwamba mdudu wa safura huingia kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo uliochafuliwa. Akishajua hivyo, choo si cha serikali tena. Ni chake.

TUJISAHIHISHE

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Tukilifuata jina lake, hatuwezi kuishia kwenye sifa.

Kwanza, Ruvuma ilikuwa na mfano hai. Kuanzia Litowa, katika Songea, vijana wa TANU walijenga vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kikaviunganisha vijiji kumi na zaidi. Huko wanakijiji waliamua wenyewe juu ya shamba, shule na malezi ya watoto, wakaona kuwa ni mambo yasiyotengana. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Viongozi waliogopa madaraka ambayo hayakupitia mikononi mwao. Hilo lilikuwa kosa. Tulihubiri kwamba umma ujiamulie, na umma ulipojiamulia tukashtuka.

Pili, mwaka uleule wa 1973, baada ya vikundi kumaliza masomo ya Mtu ni Afya, lilitoka agizo kwamba wananchi wote wawe wamehamia vijijini ifikapo 1976. Mahali pengi nguvu ilitumika. Kaya iliyohamishwa iliacha nyuma nyumba yake, mwembe wake, na choo ilichokuwa imekichimba kwa kuelewa. Kijiji kipya kisicho na maji ya kutosha huwakusanya watu na vilevile huyakusanya maradhi. Katika mwaka mmoja tulitumia njia mbili: moja ya kumwelimisha mwananchi, nyingine ya kumwamrisha. Ya pili ilikula matunda ya ile ya kwanza.

KUTOKA ALMA-ATA HADI LEO

Mwezi Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kuwa huduma ya msingi ya afya ni haki ya watu wote, na kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Tanzania ilikuwa imekwisha kujifunza somo hilo kwa vitendo. Lakini uchumi ulipodhoofika katika miaka ya 1980, hali ilibadilika. Biashara ya tiba ya watu binafsi, iliyopigwa marufuku mwaka 1977, iliruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia 1993 wananchi walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 2007 ulipangwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, wenye shabaha ya kuwa na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata.

Shabaha hiyo ni njema. Hata hivyo, Ruvuma inatukumbusha kwamba jengo peke yake halitoshi. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye usubi, ugonjwa wa kupofusha macho unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi, ulioanza 1995, uliwakabidhi wanakijiji kazi ya kuchagua mgawaji wa dawa miongoni mwao na kupanga siku ya kugawa. Vijiji vilivyo mbali na daktari viliweza kuifanya kazi ambayo hospitali isingeweza kuifanya peke yake.

Basi jukumu letu ni lipi? Kamati ya afya ya kijiji isiwe orodha ya majina ukutani. Iwe na habari za mapato ya zahanati, iwe na sauti juu ya chanzo cha maji, na mama anayebeba ndoo awe mjumbe wake. Kiongozi anayefika Kigonsera au Liuli kuzungumzia afya na aanze kwa kusikiliza, kama vikundi vya 1973 vilivyoanza kwa kusikiliza. Ngoro haikuchimbwa kwa amri ya mtu wa mbali, na ndiyo maana mpaka leo ingali inaushika udongo wa Umatengo.