Mpango kwanza, harambee baadaye: Jinsi ya kuboresha majengo ya shule za msingi mashambani

Katika maeneo mengi ya mashambani nchini Kenya, si ajabu kuona kuta za darasa zilizofika kimo cha madirisha, kisha zikaachwa bila paa hadi nyasi zikaota ndani. Aghalabu ujenzi huo haukukwama kwa sababu wazazi walikataa kuchanga. Ulikwama kwa kuwa ulianzishwa kabla ya mtu yeyote kupiga hesabu ya gharama yote. Wanaoumia ni watoto, ambao huendelea kusomea chini ya mti au kusongamana katika darasa moja, huku fedha za wazazi wao zikiwa zimezikwa katika msingi usiowafaa kwa lolote.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo shule ya msingi ya umma inapaswa kufuata, kuanzia kutambua mahitaji hadi kutunza jengo lililokamilika.

CHANZO CHA UHABA

Tangu uhuru mwaka 1963, madarasa mengi ya shule za msingi yalijengwa kwa moyo wa harambee. Wazazi walileta mawe, mchanga na maji, na viongozi wakaongoza michango. Mnamo Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilianzisha elimu ya msingi bila malipo. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2003. Serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini fedha hizo zilikusudiwa hasa vitabu na matumizi ya kawaida ya shule. Sehemu ndogo iliyobakia kwa ukarabati haingeweza kujenga madarasa mapya.

Mzigo huo uliongezeka Januari 2023, wakati wanafunzi wa Gredi ya 7 walipoanza masomo ya sekondari ya chini katika shule za msingi. Shule ambazo hazikuwahi kuwa na maabara zilijikuta zikihitaji vyumba vya sayansi pamoja na madarasa zaidi.

Hata hivyo, uhaba wa fedha si tatizo la pekee. Kuanzia mwaka 2005, mpango wa serikali na wafadhili wa kuimarisha sekta ya elimu ulipeleka ruzuku za ujenzi moja kwa moja katika akaunti za shule, na jamii ikasimamia kazi. Mwaka 2009 ilipobainika kwamba fedha za elimu zilikuwa zimefujwa, Uingereza na wafadhili wengine walisitisha misaada yao. Funzo ni kwamba uaminifu ukipotea, hata fedha zilizokuwa njiani hurudi zilikotoka.

TATHMINI YA MAHITAJI

Hatua ya kwanza ni bodi ya usimamizi, walimu na wawakilishi wa wazazi kuzunguka shule pamoja, wakiwa na daftari. Kila jengo liandikwe hali yake: paa, kuta, sakafu, milango na idadi ya wanafunzi wanaolitumia. Vyoo na matangi ya maji visisahaulike.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ni kipimo kizuri. Unapendekeza darasa la mita 7.5 kwa mita 6, ambalo halifai kuwa na zaidi ya wanafunzi 40 wanaoketi wawili wawili kwenye madawati. Kwa kipimo hicho, shule yenye wanafunzi 480 inahitaji angalau madarasa 12. Ikiwa ina manane, pengo lake ni manne, na hiyo ndiyo takwimu ya kupelekewa mfadhili badala ya malalamiko ya jumla.

Mwongozo huo pia unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia watu kutoka, na choo cha shimo kiwe umbali usiopungua mita 15 kutoka kwenye kisima. Aidha, njia za mteremko kwa wanafunzi wenye ulemavu ni rahisi kuwekwa wakati wa ujenzi kuliko baadaye.

Baada ya tathmini, mahitaji yapangwe kulingana na hatari inayomkabili mtoto. Ukuta uliopasuka, paa linalolegea na choo kinachotitia vitangulie. Vifuatwe na vyoo vya kutosha na maji, kisha madarasa, halafu ofisi na mengineyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shule inayoanza na lango la kifahari lenye jina la mgeni wa heshima, ilhali vyoo vyake vinakaribia kuporomoka, imegeuza mpangilio huo juu chini.

Hatari hizi si za kubuniwa. Mnamo Septemba 23, 2019, madarasa yaliyojengwa kwa mbao na mabati yaliporomoka katika shule ya Precious Talent, Dagoretti, jijini Nairobi, na kuua wanafunzi kadhaa. Ingawa mkasa huo ulitokea mjini, fundi asiyesimamiwa na mtaalamu anaweza kuzua maafa hayo popote.

ARDHI, RAMANI NA MAKADIRIO

Kabla ya kuchimba msingi, bodi ihakikishe mipaka ya ardhi ya shule inajulikana na kwamba hatimiliki imepatikana au imeombwa. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi na polisi walipokuwa wakiandamana kutetea uwanja wao uliokuwa umenyakuliwa. Mashambani, ardhi iliyotolewa na familia kwa neno la mdomo inaweza kudaiwa na wajukuu miaka mingi baadaye, jengo likiwa tayari limesimama.

Hali ya udongo pia huamua gharama. Udongo mweusi wa maeneo kama Mwea na uwanda wa Kano huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo msingi wake huhitaji uchimbaji wa kina na ushauri wa mhandisi. Katika maeneo ya mafuriko kama Budalang'i, sakafu haina budi kuinuliwa. Pwani, mawe ya matumbawe hupatikana karibu na huweza kupunguza gharama ya usafiri.

Ramani na makadirio ya gharama yaandaliwe kwa msaada wa maafisa wa ujenzi wa umma. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka ujenzi upate idhini ya serikali ya kaunti, nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wanakandarasi na miradi. Makadirio yataje kila kitu: mifuko ya saruji, lori za mchanga, mabati, misumari, rangi, usafiri, malipo ya mafundi na akiba ya dharura. Yataje ubora pia. Kwa mfano, bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, hivyo neno "mabati" peke yake humwachia muuzaji nafasi ya kuleta yaliyo duni.

Muhimu zaidi, kazi igawanywe kwa awamu ambazo kila moja itaishia katika kitu kinachoweza kutumika. Darasa moja lenye paa, sakafu na madawati lina manufaa kuliko misingi minne isiyo na kuta.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Wazazi ndio walio karibu zaidi, lakini uwezo wao una kikomo. Madarasa ya mtaala mpya yaliyojengwa na serikali katika shule za sekondari kuanzia mwaka 2021 yalikadiriwa kugharimu takriban Sh788,000 kila moja. Shule yenye familia 300, kila moja ikitoa Sh500, itapata Sh150,000, kiasi kisichofika hata moja ya tano ya gharama hiyo. Kwa hivyo mchango wa wazazi unafaa kuwa chambo cha kuvutia fedha nyingine.

Vilevile, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza karo katika shule za umma. Malipo mengine yoyote yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kunyimwa masomo kwa sababu mzazi wake ameshindwa kulipa. Mzazi asiye na pesa anaweza kuleta mawe au kufanya kazi kwa siku kadhaa. Thamani ya kazi hiyo ipimwe na kuandikwa, kwani wafadhili wengi huuliza jamii yenyewe imetoa nini.

Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali, imejenga madarasa katika pembe zote za nchi. Hata hivyo, uhalali wake umebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2015 inakiuka Katiba. Shule iulizie hali ilivyo kabla ya kuwasilisha ombi, na isiifanye kuwa tegemeo lake la pekee.

Serikali za kaunti nazo huombwa msaada mara kwa mara, ilhali Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na kuiachia serikali ya kitaifa shule za msingi. Ombi linalofaa zaidi kwa kaunti ni la madarasa ya chekechea yaliyo katika uwanja wa shule.

Wengine wa kuendewa ni makanisa na misikiti iliyoanzisha shule, wanafunzi wa zamani, kampuni, na balozi zenye misaada midogo kwa jamii, kama ule wa Japani ambao umefadhili madarasa katika shule kadhaa nchini. Harambee bado ina nafasi yake, lakini Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo au ofisi yake kukusanya michango.

Ombi zuri halihitaji maneno mengi. Liwe na idadi ya wanafunzi, picha za hali ilivyo, ramani, makadirio, nakala ya hati ya ardhi, kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha mradi, na kiasi ambacho shule tayari inacho.

ZABUNI NA USIMAMIZI

Shule ya umma hufuata sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015. Zabuni hufunguliwa na kamati ya watu wasiopungua watatu, na hutathminiwa katika muda usiozidi siku 30. Mwanachama wa bodi mwenye uhusiano na mwanakandarasi anapaswa kutangaza jambo hilo na kujiondoa. Anayetoza bei ya chini mno pia achunguzwe, maana huenda akaikimbia kazi njiani au kupunguza saruji.

Malipo yafuate hatua: msingi, kuta, paa na umaliziaji. Kila hatua ikaguliwe na afisa wa ujenzi kabla ya hundi kuandikwa. Ni kawaida kuzuia asilimia 10 ya malipo kwa miezi sita ili mwanakandarasi arudi kurekebisha kasoro. Wazazi nao wanaweza kuteua watu watatu wa kuhesabu saruji inayoletwa na kuhakikisha zege linamwagiliwa maji kwa takriban wiki moja, kwani zege likikauka upesi hupasuka. Misimu izingatiwe pia. Katika maeneo yanayopata mvua ya masika kati ya Machi na Mei, likizo ya Agosti hufaa zaidi kwa kuchimba msingi kuliko ya Aprili.

MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za ujenzi ziwe na akaunti yake, mbali na za vitabu. Kila mchango utolewe risiti, hata ukiwa wa Sh50. Mwishoni mwa kila mwezi, karatasi moja ibandikwe kwenye mbao za matangazo ikionyesha zilizopokewa, zilizotumika na zilizosalia. Isomwe pia kwa sauti katika mkutano wa wazazi, kwa lugha wanayoielewa, kwa kuwa si wote wanaoweza kuisoma.

Uwazi huo humlinda mwalimu mkuu kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye katibu wa bodi, naye huwa wa kwanza kushukiwa mambo yanapokwenda mrama. Asiye na risiti hana utetezi, hata akiwa hakugusa senti.

BAADA YA KUKABIDHIWA FUNGUO

Jengo jipya huanza kuchakaa siku linapofunguliwa. Shule itenge kiasi kidogo kila mwaka cha kupaka rangi, kubadilisha vioo na kuzuia mchwa. Paa pia linaweza kuisaidia shule: milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba, mahali panapopata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hukinga hadi lita 60,000 kabla ya kuondoa zinazopotea. Mifereji na tangi vikiwekwa katika makadirio tangu mwanzo, watoto hawatalazimika kubeba maji kutoka nyumbani.

Mpango wa aina hii huchukua miezi kadhaa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na wapo watakaouona kuwa ucheleweshaji. Lakini mtoto wa Gredi ya 1 anayehitaji darasa leo hana miaka kumi ya kungoja kuta zikamilike. Miezi hiyo ya kupanga ndiyo itakayomwezesha kulitumia darasa hilo kabla hajaihama shule.