Umri wa Simba: Sheria Mbili za Majirani

Simba huvuka mpaka wa Kenya na Tanzania bila pasipoti, lakini kila upande humngoja kwa sheria yake. Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ikaurejesha mwaka 1978. Kenya ilikataza uwindaji wa wanyama wakubwa mwaka 1977, na katazo hilo lipo hadi leo.

Kuurejesha kulizaa swali: auawe simba yupi? Dume kijana akiuawa, madume wageni hulitwaa kundi lake na kuwaua watoto wake. Hivyo risasi moja huangamiza wengi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2004 watafiti wa simba wa Serengeti, akiwamo Craig Packer, walipendekeza wawindwe madume waliokwisha kulea watoto wao. Baadaye Tanzania iliweka umri wa chini wa miaka 6.

Hata hivyo, simba hana cheti cha kuzaliwa. Mwindaji hutazama pua, ambayo ni ya waridi ujanani na huzidi kuwa nyeusi kadiri miaka inavyosonga; hutazama pia manyoya ya shingoni, makovu na meno yaliyolika. Anayeilalamikia sheria atasema kwamba alama hizo hupotosha jioni, kwa mbali, katika majani marefu. Anayeiunga mkono atajibu: asiye na hakika asifyatue risasi.

Nawe tafakari: ipi imlindayo simba zaidi, sheria ikatazayo kabisa, au ile imtakayo mwenye bunduki ajue kabla ya kutenda?