Marijani ya Fedhaluka na Asili Yake

Jina la marijani twalijua tangu chuoni, kwani limo mahali pawili katika Suratur-Rahmani, aya ya 22 na ya 58. Wafasiri wamekhitalifiana: wengine wasema ni lulu ndogo, wengine ni kito chekundu cha baharini. Kito hicho ndicho wazee wa pwani walichokiita marijani ya fedhaluka.

Wako wadhanio kuwa hutoka katika matumbawe ya Kilwa na Lamu. Sivyo. Matumbawe yalijengewa nyumba na misikiti. Marijani hii huota katika Bahari ya Kati, juu ya miamba iliyo gizani, nayo hunenepa kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Sura yake ni ya mti usio na majani, kumbe ni maskani ya viumbe vidogo vilivyo hai.

Biashara yake ilisitawi kwa Waislamu wa Maghribi. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, aliutaja mji wa Marsa al-Kharaz, yaani Bandari ya Shanga, ambao leo ni El Kala, Aljeria. Naye al-Idrisi, aliyetimiza kitabu chake mwaka 1154, aeleza kwamba Sabta palikuwa na soko zima la kuikata marijani, kuisugua, kuitoboa na kuitunga, na nyingi ikapelekwa Ghana na nchi za Sudani.

Kisha mambo yaligeuka. Wagenoa walikishika kisiwa cha Tabarka, Tunisia, tangu miaka ya 1540 hata mwaka 1741, na kazi ya kuchonga ikawa ya miji ya Italia kama Livorno na Torre del Greco. Bahari ikabaki pale pale. Ujira wa fundi ukavuka ng'ambo. Hata hivyo masonara wa Beni Yenni, katika milima ya Aljeria, hawakuacha kuitia katika vidani vya fedha.

Ama zile shanga nyekundu zilizofika Ujiji kwa misafara katika miaka ya 1850, zikiitwa samesame, hazikuwa marijani. Zilikuwa kioo, nyekundu juu na nyeupe ndani. Basi anayerithi shanga za bibi yake asikimbilie kuzipigia bei.

Na kwa waulizao zaka: Imamu Shafi na wanazuoni walio wengi hawaiwajibishi katika marijani ya kujipamba, Abu Yusuf alisema kitokacho baharini katika mapambo kina khumsi. Mwenye kuiuza dukani hutoa zaka ya mali ya biashara.